Mpishi Aliyepima Kuta kwa Mgongo wa Mkono

Sogea karibu, wewe unayepanga kujenga, au unayemjengea mtu aliye mbali nawe. Nitakusimulia habari za mpishi mmoja, na ndani ya habari zake mna mambo machache ya nyumba na joto ambayo yatakufaa. Usiogope, hayana hesabu ngumu. Mimi mwenyewe nilikuwa dereva tu, tena mzaliwa wa Nyahururu, mahali ambapo watu hutoka nje kuota jua kama wanaokwenda sherehe, na bado niliyaelewa. Ukinifuata polepole utayaelewa pia.

Sitakuambia alizaliwa lini wala ni wa ukoo gani. Nilimkuta jikoni katika jumba moja la Al-Suwaidi, Riyadh, akiwa amekaa pale miaka mingi, hadi watoto wa Madam, mke wa mwenye nyumba, wakiumia walimkimbilia yeye kwanza. Nyumba nzima ilimwita Mpishi. Mimi nilimwita Dada Mpishi. Yeye aliniita mdogo wangu akiwa na furaha, na dereva nikiwa nimemuudhi.

Alikuwa na tabia ya kugusa kuta. Anapita ukumbini amebeba sinia, anasimama, anaishika sinia kwa mkono mmoja, na kwa mgongo wa mkono wa pili anagusa ukuta, vile mama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Kisha anaendelea na safari yake. Mwanzoni nilidhani ni dua fulani ya watu wa pwani. Siku moja nikamuuliza.

"Dada Mpishi, ukuta unaumwa?"

"Huu wa magharibi una homa," alisema. "Ule wa kaskazini mzima. Njoo uguse, usisimame hapo kama nguzo ya stima."

Niligusa. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, jua halipo tena, na ukuta ule ulikuwa wa moto kama birika lililoipuliwa sasa hivi. Hapo akanipa somo la kwanza. Ukuta hunywa jua mchana kutwa, taratibu, na jua likiondoka huanza kulirudisha, taratibu vilevile, na anayerudishiwa ni yule aliye ndani. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa kibaya zaidi baada ya jua kuzama kuliko saa sita mchana. Mtu akikagua nyumba asubuhi, ananunua bila kuonja.

"Zege halisahau," alikuwa akisema. "Ulilolitendea mchana litakukumbusha ukipanda kitandani."

Alijua kwa sababu alilala chini ya zege lenyewe. Chumba chake kilikuwa juu ya paa, peke yake, slabu tupu juu yake, ukuta wa magharibi usio na kivuli, na kidirisha kinachotazama tangi la maji. Kiyoyozi chake kilinguruma sana na kupoza kidogo. Wanawake wengi wa kwetu hulala vyumba vya namna hiyo na hawasemi kitu. Yeye hakusema pia, ila alianza kujaribu mambo. Baba, yaani mwenye nyumba, alikuwa amepakisha ukuta wa nje rangi nyeupe, na makopo kadhaa yakabaki gereji. Mpishi akamwendea wakati anakunywa gahawa.

"Baba, ile rangi iliyobaki naitaka."

"Ya nini?"

"Nipake paa."

Baba alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Paa! Nani ataliona?"

"Jua, baba."

Ijumaa nikapanda naye tukapaka slabu yote, tukarudia mkono wa pili. Sikudanganyi, chumba hakikugeuka Nyahururu. Lakini rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijanywewa, na tangu siku ile kiyoyozi kilianza kushinda vita. Akawa anaamka na uso wa mtu aliyelala.

Usije ukamwona kama mtakatifu. Alihubiri kivuli na bado jikoni kwake aliweka kiyoyozi baridi mpaka samli ikaganda kwenye bakuli, naye amevaa sweta la shule alilotoka nalo nyumbani, limechanika kiwiko. Nikimwambia ni matumizi mabaya ya umeme, hujibu, "Nimeipa nyumba hii jasho langu, acha inirudishie baridi." Chakula aligawa bila kuulizwa. Feni yake ndogo ya mezani hakuazima mtu, hata yule dada wa usafi alipokuwa na homa ya kweli. Alikwenda kumkanda kwa kitambaa cha maji usiku kucha, feni akaiacha chumbani kwake. Chungu cha kabsa, ule wali wa nyama wa Waarabu, alikingoja kwa subira yote ya dunia. Simu hakuiweza. Ukimkatalia jambo, yeye hukata, kisha hupiga tena mwenyewe akilalamika kwamba mtandao umekatika.

Sasa nikuambie alichokuwa anakitafuta kwa huko kugusa kuta. Mama yake alikuwa mzee, Kilifi, analala katika chumba cha kupanga chenye mabati yaliyo karibu na kichwa. Joto lilimvimbisha miguu na kumnyima usingizi, na kliniki walikuwa wamesema wazi kwamba kwa presha yake, mama yule asiendelee kulala kwenye tanuri. Mpishi alikuwa na kiwanja huko huko Kilifi, na kaka yake alikuwa msimamizi wa ujenzi. Mshahara wote wa Riyadh ulikuwa unageuka mawe na saruji.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiwa Saudia hujenga tunachokiona. Tunapiga picha jumba la kafili, yule mwajiri anayetudhamini, vioo kutoka sakafuni hadi juu, paa la bapa, hakuna ukumbi wa nje wala kibaraza, tunaituma nyumbani na kusema, nijengee hivi. Tunasahau kwamba jumba lile linaishi kwa viyoyozi. Ukilichukua bila mashine zake, umechukua sufuria na kifuniko, ukamweka mama yako ndani. Mpishi hakutaka kosa hilo.

"Kuna nyumba ya kuonyesha watu, na kuna nyumba ya kulaza mtu," aliniambia. "Mimi nataka ya kulaza mtu."

Kile alichokijua kuhusu michoro alijifunza kwa kubeba gahawa. Baba alikuwa anajenga jumba jipya Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, karibu na bahari, na mhandisi alikuja Riyadh mara nyingi na nyumba ndogo ya kadibodi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuuliza kabla ya kusema. Nani atakuwa nyumbani mchana? Nani mzee, nani mchanga? Mtalala wapi? Madirisha mtayafungua, au barabara ina kelele na vumbi? Umeme ukikatika alasiri mtakaa chumba gani? Majibu ndiyo yalimwonyesha penye hatari.

Madam alitaka sebule yote iwe kioo upande wa bahari. Jeddah bahari iko magharibi. Mhandisi hakubishana. Aliomba pazia zifungwe, akawasha tochi ya simu, akaiinua juu ya kadibodi. "Hili jua la saa sita," alisema, na kijumba kikawa na kivuli kizuri. Kisha akaishusha taratibu upande wa magharibi. "Hili la saa kumi." Mwanga ukapita chini ya paa, ukajaza sebule hadi ukuta wa nyuma.

"Nitaweka mapazia mazito," alisema Madam.

"Pazia liko ndani, Madam. Jua litakuwa limeshaingia."

Akakata vipande vya kadibodi, akabandika nje ya kioo, mfano wa mbao za wavu kama za roshani za nyumba kongwe za Jeddah. Mwanga ukabaki mistari myembamba. Madam akatazama bahari yake ya kadibodi, akavuta pumzi. "Yalla, weka mbao."

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na dele la gahawa, na kahawa ilikuwa inapoa. Akauliza kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Na chumba changu, mhandisi, kiko wapi?"

Mhandisi akainua simu. Alisogeza tochi hadi kwenye kisanduku kidogo juu ya paa. Kiling'aa chote. Baba akakitazama, akakumbuka makopo ya rangi, akaanza kucheka mwenyewe. Chumba kikashushwa chini, nyuma ya jiko, upande wa kaskazini.

Baada ya siku hiyo jiko letu likawa ofisi. Alijenga nyumba ya mama yake kwa boksi la biskuti, akaipitishia tochi asubuhi na jioni, akaniita nishike simu. Alitunga misemo yake mwenyewe. Jua likishavuka kioo, alisema, limeshakuwa mgeni wa kulala. Akaamua kuta ziwe nene. Akaamua kusiwe na dirisha hata moja mashariki wala magharibi, kwa kuwa jua la chini huingilia huko. Vidirisha vidogo, kaskazini tu, vya kufungwa mchana. Kaka yake akatii, na kuta zikaanza kupanda. Mpishi akawa anaimba jikoni. Mkataba wake wa kazi ukiisha, alisema, halas, basi, anarudi kulala nyumba moja na mama yake.

Hapa inabidi nikueleze jambo kwa utulivu, kwa sababu ndipo penye kisa. Nyumba ile ya boksi ilikuwa nyumba nzuri sana, ya Riyadh. Riyadh hewa ni kavu. Usiku jangwa hupoa, ukafungua madirisha, kuta nene zikatoa joto lao, asubuhi ukafunga na baridi ikabaki ndani. Mpishi alikuwa amejifunza joto upya mahali hapo, kwa miaka mingi, kwa mgongo wa mkono wake. Na kwa kujifunza hilo alikuwa amesahau la kwao.

Tulihamia Jeddah na familia jumba lilipokamilika. Niliendesha mimi, yeye ameketi nyuma kati ya masanduku na sufuria zake. Tulifika jua limezama kitambo. Alifungua mlango wa gari, akaweka mguu chini, akasimama. Hewa ya Al-Hamra ilikuwa nzito, ya chumvi, inashika uso kama kitambaa kilicholowa. Baibui lilimnatia mgongoni papo hapo.

"Dada, unaumwa?"

"Hii," alisema. Alivuta pumzi tena. "Mdogo wangu, hii ni Kilifi."

Nilidhani amefurahi. Alivuka ua hadi kwenye ukuta wa jumba, akaugusa kwa mgongo wa mkono. Akaugusa tena. Ukuta ulikuwa mzima, hauna homa, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Akageuka akanitazama, na uso ule sijausahau.

"Ukuta si moto," alisema polepole. "Lakini mimi naungua. Kwetu shida si ukuta. Kwetu shida ni upepo."

Ndivyo ilivyo. Penye hewa ya maji, usiku haupoi vya kutosha, na jasho halikauki mwilini mpaka hewa isogee. Mtu hapozwi na ukuta mnene, hupozwa na upepo unaoingia huku na kutokea kule. Kilifi upepo hutoka baharini, mashariki, na Mpishi alikuwa ameziba mashariki yote kwa mawe, kwa kuogopa jua la asubuhi.

Alimpigia kaka yake hapohapo uani, masanduku yangali garini. Aliweka sauti ya nje, nikasikia yote.

"Simamisha mafundi."

"Salamu kwanza, dada. Kwema huko?"

"Simamisha. Nataka dirisha mashariki, chumba cha mama. Kubwa. Na lingine magharibi, lielekeane nalo."

"Dada, tumepita linta, kuta zimevuka usawa wa madirisha! Wewe si ndiwe ulosema mashariki pazibwe, ukanitumia na picha ya boksi la biskuti? Mafundi wanaliita jela."

"Basi mwambie fundi avunje jela."

"Avunje ukuta mzima? Na jua la asubuhi?"

"Jenga kibaraza mbele, paa lishuke chini, jua ligongee huko nje. Na la magharibi liwekee mbao za nje, za kufungwa alasiri."

"Wajua hiyo ni kazi ya upya? Wajua maana yake kwako?"

Alikata simu. Nikangoja apige tena alalamikie mtandao. Hakupiga. Alishusha sufuria zake moja moja, akazipanga jikoni, na mkataba ulipokwisha hakurudi nyumbani. Alitengeneza upya ikama, kibali chake cha kuishi Saudia. Ukuta ule wa Kilifi ulikuwa umekula pesa za safari yake, naye hakuutaja hata siku moja. Nikimuuliza atarudi lini, husema, "Nyumba ikipata pumzi."

Mimi sikukaa sana Jeddah. Nilihamishiwa kwa kafili mwingine, nikarudi Riyadh kupeleka watu na mizigo kwenye mkahawa mmoja wa Al-Sulimaniyah. Nilimkosa kwa namna ambayo sikuitarajia. Naingia jengo jipya na mteja, mkono wangu unatoka wenyewe kugusa ukuta. Naona jumba la vioo limetazama magharibi, nasikia sauti yake ikiuliza nani atakuwa humo saa kumi. Tulipigiana simu, kisha tukapunguza, vile watu wanavyopunguza wote wakiwa na kazi.

Nilimwona tena nilipokaribia kuondoka Saudia kabisa. Bosi alinituma Jeddah, nikaomba ruhusa ya alasiri, nikaenda Al-Hamra. Mbao za Madam zilikuwa zimepauka kwa chumvi, na nyuma yake kioo kilikuwa katika kivuli. Nilizunguka hadi mlango wa jikoni. Alikuwa amekonda, nywele za mbele zimekuwa nyeupe, sweta ni lile lile.

"Dereva," alisema. Nikajua amekasirika kwa ukimya wangu. Kisha akaniwekea sahani. "Mdogo wangu, kula."

Hatukumaliza habari, akatazama saa ya ukutani, akafuta mikono, akasema ni wakati wa mama. Alimpigia kwa video. Aliiegemeza simu kwenye mkebe wa chai ili nami nione. Akatokea mwanamke mzee ameketi kitandani, miguu imenyooka mbele yake, myembamba, haina uvimbe. Nyuma yake palikuwa na dirisha kubwa, kivuli cha kibaraza, na pazia la leso.

"Shikamoo mama. Umelala jana?"

"Marahaba. Nimelala hata nikapitiwa na adhana. Huyo nani?"

"Ni yule dereva wa bara."

"Aje ale samaki, huko bara hawana." Mama alinisalimu, akatuambia habari za kuku wa jirani, akatuambia kaka mtu amekuwa mnene. Mpishi aliitikia, lakini macho yake hayakuwa kwa mama. Leso ilikuwa inajaa upepo kama shavu, inarudi, inajaa tena. Yeye aliitazama, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda nayo kidogo kidogo, bila kujua.

Mama akasogeza uso karibu na simu.

"We mtoto, waniangalia mimi au waangalia pazia?"

"Nakuangalia wewe, mama."

"Mwongo. Kila siku waangalia pazia. Njoo uliangalie hapa."

"Nitakuja, mama."

"Ulisema hivyo na mwaka jana."

Mpishi alicheka, akasema mtandao umeanza kukatika, akakata simu. Nilikuwa nimekwisha kula, nikaomba kunawa, akanionyesha bafu la chumba chake, akisema maji ya huko yana kasi zaidi. Kilikuwa chumba baridi, nadhifu, nyuma ya jiko, upande wa kaskazini, kama mhandisi alivyokichora. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Na dirishani ilitundikwa leso ile ile. Wewe wajua leso huuzwa jozi. Nusu moja alikuwa ameipeleka Kilifi. Nusu ya pili ilining'inia pale mbele yangu, imenyooka, haitikisiki.

Nilinawa polepole kuliko ilivyohitajika. Nilipotoka alikuwa amesimama akinifungia chakula cha njiani.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona, dada."

"Hiyo ya kule ndiyo kazi yangu. Nikiiona inacheza, siku yangu imekwenda." Alifunga fundo la mfuko mara ya pili. "Ukifika kwenu usijenge jela, dereva."

Nimefika kwetu, na watu huniuliza habari za nyumba. Nawaambia hili, nawe nakuambia. Kabla hujamlaza mzee wako katika chumba kipya, nenda humo saa kumi alasiri. Gusa kila ukuta kwa mgongo wa mkono. Kisha fungua madirisha yanayoelekeana, tundika leso kwenye moja, uketi kitandani uitazame. Isipocheza, usimlaze humo bado.